Fundi wa Nyasi na Paa la Bati

Wewe uliyetundika picha ya kijiji sebuleni kwako, umewahi kulala chini ya nyasi zinazovuja?

Nauliza hivyo kwa sababu picha yako naijua hata kabla sijaingia ndani. Kuna nyumba za udongo zenye mapaa ya nyasi rangi ya dhahabu. Jua linazama nyuma ya kilima. Wanawake wamebeba mitungi kichwani, na wote wamekupa mgongo. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna pikipiki, hakuna aliyevaa viatu, hakuna anayekohoa. Ukirudi nyumbani umechoka unaitazama, unashusha pumzi, unasema, ah, hayo ndiyo yalikuwa maisha.

Sasa nenda kaisogelee. Angalia nyasi za mapaa. Kama kila unyasi umelala peke yake, na zile za ukingoni zimeinama kidogo kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka, basi paa hilo limeezekwa na shangazi yangu. Wala hukuwahi kuambiwa kuna mtu kama yeye.

Karakana aliyofanyia kazi iko nyuma ya duka la picha. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Humo picha haichorwi na mtu mmoja. Inapita mezani kama sahani inavyopita mikononi mwa waosha vyombo. Meza ya kwanza ni ya mzee tunayemwita Mbingu. Yeye huchora anga na vilima, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuchora asubuhi hata moja. Kwake jua huzama tu. Meza ya pili ilikuwa ya Shangazi, mtu wa nyumba. Meza ya mwisho ni ya mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Huyo huchora watu na mifugo, kwa hiyo jina lake ni Mama Watu.

"Mbingu," Mama Watu humwita kila siku, "leo jua linazama wapi?"

"Linazama pale alipoagiza Mkubwa," mzee hujibu bila kuinua kichwa.

Mkubwa ndiye mwenye duka. Wateja wake ni wenye hoteli, wenye ofisi na watalii. Shangazi walimwita Fundi Nyasi, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa na brashi yake aliyoipasua kwa wembe mpaka ikawa na vidole vidogo vidogo. Aliichovya kwenye manjano, akaigusisha kwenye kahawia, kisha akaishusha juu ya turubai kwa mkono wa haraka, kama mtu anayepangusa vumbi begani mwa mtoto. Kila alipogusa, nyasi ziliota. Nimemwona akiezeka kijiji kizima kabla chai yake haijapoa.

Na mikono ya blauzi yake ilikuwa mirefu siku zote. Joto lingekuwa kali kiasi gani, Mbingu angevua shati abaki na singlendi, Mama Watu angejipepea kwa kadibodi, lakini Shangazi asingekunja mkono wa blauzi. Chini ya mkono wa kulia, kuanzia begani mpaka karibu na kiwiko, kuna kovu.

Kovu hilo ni la nyasi.

Alikuwa mtoto mdogo, bado hajang'oka meno ya utotoni. Ilikuwa kiangazi. Cheche ilitoka jikoni kwa jirani, ikapanda na upepo, ikatua juu ya paa la bibi yangu. Bibi aliingia ndani akamtoa baba yangu, aliyekuwa mchanga, akamlaza chini ya mti, akarudi kumfuata binti. Walipofika mlangoni, fungu la nyasi zinazowaka liliachia, likamwangukia mtoto begani. Nyumba iliungua yote. Siku hiyo Bibi alisema neno ambalo katika ukoo wetu tunalijua sote kama wengine wanavyojua sala: "Nyasi ni kuni zilizopanda juu. Mwanangu halali tena chini ya kuni."

Akaanza kuponda kokoto kwa ajili ya wajenzi wa barabara. Nyundo, jiwe, mtoto mgongoni. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Bibi alijaza paa. Alinunua bati moja, akaliweka chini ya kitanda katika chumba alimokuwa amehifadhiwa na ndugu. Baadaye likaja la pili, halafu la tatu. Majirani wakapata la kusema. "Huyu mwanamke," walicheka, "wenzake wanalala chini ya paa, yeye analala juu yake." Naye akacheka pamoja nao, akaendelea kuponda.

Nyumba ilipoezekwa lilikuwa paa la kwanza la bati pale kijijini. Kwa sababu upepo unaovuma kutoka mlimani hauna adabu, alipandisha juu yake tairi kuukuu la lori, upande wa jikoni, kulikandamiza. Mvua ya kwanza iliponyesha, kelele ilikuwa kubwa hata watu wakaongea kwa ishara. Shangazi anakumbuka uso wa mama yake siku ile. Bibi alikuwa amekaa katikati ya chumba, mikono mapajani, akiwatazama wanawe waliokuwa wakavu, na machozi yanamtoka kwa kicheko.

Shangazi alikuwa na mkono wa kuchora tangu udogo. Alichora kwa mkaa ukutani, akachapwa, akachora tena. Lakini nyundo moja haisomeshi watoto wawili. Aliacha shule ili baba yangu aendelee, akaja mjini, akaanza kuchora mabango ya vinyozi. Vichwa vyote alivyochora vilikuwa na sura ya baba yangu, hadi leo nikipita mbele ya kinyozi mmoja nadhani nimemwona mzee wangu kanyoa panki. Huko ndiko Mkubwa alikomwona, akamchukua karakana.

Picha ya kwanza aliyomchorea Mkubwa ilikuwa ya kwao, na nyumba ilikuwa na bati. Mkubwa alicheka kwa upole. Sisemi kwamba ni mtu mkatili. Alisema, "Binti, umechora vizuri, ila bati haliuzi. Mgeni bati analo kwake. Hapa anatafuta kijiji." Shangazi akafikiri. Mdogo wake alikuwa shuleni. Akaifuta ile picha, akajifunza nyasi.

Mimi mwenyewe nimesoma chuo kwa nyasi hizo. Baba alipofariki ndiye aliyenishika mkono, na kila karo yangu ilikuwa kijiji kilichoezekwa mezani kwake. Kwa hiyo usidhani ninapoandika kwa hasira nakasirikia jasho lake. Hasira yangu ni kwa wale wanaoupenda umaskini wa watu mradi usiwe na kelele, usiwe na harufu, na ukubali kukaa ndani ya fremu. Mama mmoja aliponda mawe ili watoto wake wasiungue, halafu anatokea mtu anasema hapana, rudisha nyasi, zinapendeza na mapazia yangu! Hilo mimi siliiti sanaa. Nitasema hivyo popote, hata kama sitaalikwa tena.

Sasa nikuambie jinsi jambo lilivyolipuka.

Bibi alikuwa haoni. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu miaka mingi. Kijijini alikuwa akijisifu kwamba binti yake anachora nyumbani kwao, na kwamba nyumba yao imetundikwa kwenye majumba makubwa ya mjini. Alikuwa hajaona picha hata moja. Likizo iliyopita (mimi ni mwalimu, na likizo huwa nakwenda karakana kumsaidia Shangazi kugongelea fremu) tulimleta mjini, daktari akamtoa ule ukungu. Bandeji zilipofunguliwa alitazama ukuta, akamtazama daktari, akanitazama mimi.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "kumbe umekuwa na sura mbaya hivi na hawakuniambia?"

"Nimefuata upande wako, Bibi."

"Shika adabu. Haya, nipeleke nikaone mali yangu."

Alimaanisha picha. Tukampeleka karakana siku ileile. Mezani kwa Shangazi palikuwa na kazi kubwa kuliko zote, picha pana kama kitanda, iliyoagizwa na hoteli mpya ili itundikwe mahali wageni wanapopokelewa. Mbingu alikuwa amemaliza anga, na nyumba zilikuwa tayari. Katikati, chini ya kilima, ilisimama nyumba moja peke yake.

Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia turubai.

"Hapa ni wapi?"

"Kijijini, Mama," alisema Shangazi. "Kwetu."

"Kwetu gani?"

"Kwetu, Mama. Hukioni kilima?"

"Kilima nakiona. Kilima hakina kosa." Akanyoosha kidole, karibu aguse rangi mbichi. "Chini ya kilima hiki kuna nyumba moja tu, na mwenye nyumba ni mimi. Nani ameniezulia?"

Feni ilizunguka. Mama Watu, ambaye hajawahi kukosa neno, akajaribu kuokoa jahazi.

"Bibi yetu, hiyo ni picha tu. Wateja ndivyo wanavyopenda."

"Hao wateja walikuja kunisaidia kuponda kokoto?"

"Hawakuja, Bibi."

"Basi watulie." Akamgeukia binti yake, na sauti ikashuka. "Mara ya kwanza moto ulinivua paa. Sikuulaumu. Moto hauna mama. Wewe unaye."

Alinishika mkono, tukaondoka. Nyumbani alikaa kitandani akaukabili ukuta. Chakula alikula, maana Bibi hajui kususia chakula, lakini kwa Shangazi hakugeuka. Aliongea nami tu, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili: "Mwambie yule daktari, angeniachia ukungu wangu. Ulikuwa unanitunzia nyumba." Na kurudi kwake kijijini kulikuwa kumekaribia. Kilichobaki kilikuwa kumwona daktari mara moja tu, kisha apande basi.

Shangazi hakulia wala hakujitetea. Asubuhi moja, daktari akiwa ameshamruhusu Bibi, Shangazi aliniambia, "Twende dukani," na nilidhani ni duka la rangi za picha. Alinipeleka duka la vifaa vya ujenzi.

"Nataka rangi ya mabati," alimwambia muuzaji. "Ile ya mafuta, ya kung'aa."

"Mabati mangapi, mama?"

"Paa moja."

"Ukubwa gani?"

Shangazi akaonyesha kwa viganja viwili, upana wa daftari. Muuzaji akacheka mpaka akaegemea rafu. "Nyumba ya nani hiyo? Ya panya?"

"Ya mama yangu," alisema Shangazi, na muuzaji akaacha kucheka, akamtafutia kopo dogo kuliko yote.

Kule karakana, aliweka kopo mezani, akalifungua kwa bisibisi, akaanza. Alizifuta zile nyasi kwa kipande cha msasa mpaka paa likawa tupu, kisha akalipaka rangi ya bati, nzito, inayometa. Kabla haijakauka alichomoa kitana chake cha nywele, akakiburuta taratibu kutoka juu kwenda chini. Migongo ya bati ikasimama, mmoja baada ya mwingine, sawasawa kabisa. Ukingoni akatia kutu kidogo. Upande wa jikoni akachora tairi.

Mbingu alikuwa ameacha meza yake. Alisimama nyuma ya Shangazi, miwani kwenye paji la uso.

"Fundi Nyasi, umekosea."

"Wapi?"

"Jua langu linazama hapa," alisema, akionyesha. "Bati likiwa chini ya jua linalozama haliwi jeupe hivyo. Linakunywa anga. Wewe umelinyima."

"Wewe utalipatia?"

"Kwani nyasi tu ndizo zenye haki ya machweo?" Akachovya brashi kwenye wekundu wake. Shangazi akamzuia mkono.

"Siyo hiyo. Rangi zetu za maji hazishiki juu ya hii. Chukua unga wa rangi mkavu, changanya na mafuta humu kwenye kopo."

Mzee akachanganya. Na yule mtu aliyechora machweo elfu kwa kuagizwa, nilimwona akichora moja kwa kupenda, juu ya bati la bibi yangu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mama Watu naye hakutaka kupitwa. Mlangoni mwa ile nyumba alimchora mwanamke, mgongo kwetu, pekupeku kama kawaida. Akainama, akamtia ndala za buluu. "Mwenye bati hawezi kukosa ndala," alisema. "Nyinyi mnataka nichekwe?"

Mkubwa alikuja alasiri, picha ikiwa imekauka. Alianza kutabasamu tangu mlangoni, kisha tabasamu likasimama njiani.

"Hii ni nini?"

"Nyumba," alisema Shangazi.

"Naona ni nyumba. Hiki cheusi juu yake?"

"Tairi."

"Tairi! Umeweka tairi kwenye machweo!"

"Upepo wa kwetu una nguvu, Mkubwa."

Mama Watu alikohoa kuficha kicheko. Mkubwa akavuta kiti, akakaa, akasema naye kama mtu na mtu. "Tumetoka mbali mimi na wewe. Unajua kazi yetu. Hatuuzi kijiji, tunauza ndoto."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Ndoto ya nani?"

"Ya anayelipa, msomi. Wewe gongelea fremu."

"Aliyelala chini ya hilo bati yeye hana ndoto? Bati lenyewe ndilo lilikuwa ndoto! Mwanamke ameota bati, ameliponda kutoka kwenye mawe, nyinyi mnamwambia ndoto nzuri ni ile aliyoikimbia!"

"Nyamaza, mwanangu," alisema Shangazi. Hakuwa amekasirika nami. Alitaka nafasi ya kuongea mwenyewe. "Mkubwa, nimekuezekea nyumba nyingi. Zote nilikubali, kwa sababu zilikuwa za watu nisiowajua. Hii moja ina mwenyewe. Amekuja, ameiona, ameniuliza nani amemwezulia nyumba. Sina jibu la kumpa isipokuwa hili bati."

"Mama wa hoteli anakuja kesho asubuhi kuichukua. Ameagiza kijiji cha zamani. Nikirudi jioni nikute nyasi."

"Hutazikuta."

"Basi na wewe sitakukuta."

"Sawa," alisema Shangazi.

Aliosha brashi zake kwa utulivu, moja moja, akaziacha kwenye kopo zikauke, akachukua sweta, akatoka. Mimi nikamfuata. Nyuma yetu, kama Mama Watu alivyonihadithia baadaye, Mkubwa alimwambia Mbingu aezeke. "Mimi ni wa juu, Mkubwa," mzee alijibu. "Nyumba siziwezi." Mkubwa akamgeukia Mama Watu. "Mimi watu tu," alijibu mama huyo, "na ng'ombe ukinisihi." Ikabidi Mkubwa avue koti, achukue ile brashi iliyopasuliwa kwa wembe, na kopo la manjano, rangi yetu ya maji, apake mwenyewe. Aliweka tabaka juu ya tabaka ili bati lisionekane. Ndala hakuziona kabisa.

Njiani nilikuwa nachemka. "Shangazi, akilifunika je?"

"Alifunike."

"Hivyo tu? Alifunike?"

"Punguza hatua, mwanangu. Miguu yangu haikusoma chuo."

Nyumbani Bibi alikuwa bado na ukuta wake.

"Umerudi mapema," aliuambia ukuta.

"Sina kazi tena, Mama."

"Kwa nini?"

"Bati."

Kitanda kililia. Bibi aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama binti yake kwa macho yake mapya. Nilidhani atasema pole, au atamkumbatia. Ningefanya hivyo mimi niliyelelewa kwa vitabu.

"Tairi uliliweka?"

"Niliweka."

"Upande gani?"

"Wa jikoni."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole. "Ndiko upepo unakotokea," alisema. Akasogea, akapiga godoro kwa kiganja, na Shangazi akakaa kando yake. "Kesho, kabla ya basi, mnipitishe nikalione. Nikifika nyumbani wataniuliza, nami sitaki kusema kitu nisichokiona."

Shangazi akasema, "Tutapita, Mama. Nina brashi zangu za kuchukua."

Asubuhi iliyofuata tulifika mbele ya duka, Bibi akiwa na kifurushi chake kichwani na mkono wake mkononi mwangu. Gari la hoteli lilikuwa limeegeshwa, mlango wa nyuma wazi. Mama wa hoteli, mwanamke aliyevaa suti na miwani ya jua, alikuwa amesimama barazani. Picha ilikuwa imetolewa nje, imeegeshwa ukutani, jua la asubuhi limeipiga usoni. Mbingu na Mama Watu walikuwa mlangoni, tayari kuibeba.

Paa lilikuwa la nyasi.

Zilikuwa nyasi mbaya, za mkono usiojua, zimelundikana kama takataka zilizofagiliwa. Lakini zilikuwa nyasi. Nilihisi vidole vya Bibi vikikaza juu ya mkono wangu. Nikafungua mdomo, na hotuba nzima ilikuwa tayari kooni. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Ina vumbi kidogo," Mkubwa alikuwa akimwambia mteja, bila kututazama. "Mwenzangu mmoja amenikimbia ghafla, lakini kazi imekamilika. Ngoja niifute." Akachukua kitambaa chenye unyevu, akaipangusa anga, akashuka kwenye kilima, akapitisha juu ya paa.

Kitambaa kikarudi na nyasi.

Aliangalia kitambaa. Akapangusa tena, kwa haraka, kama anayetaka kuzirudisha, na kipande kizima kikainuka kama utando wa maziwa, kikajikunja, kikaanguka miguuni pake. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Chini yake, migongo ya kitana ilitokeza ikimeta, na wekundu wa Mbingu juu yake, na jua halisi juu ya wekundu huo.

"Hilo!" Bibi alisema kwa sauti kubwa, barabara nzima ikageuka. "Hilo ndilo langu!"

Mkubwa alisimama na kitambaa mkononi. Hapo Mbingu alitoka mlangoni. Hakuharakisha. Alichukua kitambaa chake cha kufutia brashi, akakilowanisha kwenye ndoo, akapiga goti mbele ya picha, akaanza kupangusa kona ambayo Mkubwa hakuifikia. Mama Watu akavua kilemba chake, akakichovya, akapiga goti upande wa pili.

"Mnafanya nini?" Mkubwa aliuliza.

"Tunaifuta, Mkubwa," alisema Mama Watu. "Si ina vumbi?"

Nyasi zilianguka vipande vipande. Likabaki fungu moja tu, upande wa jikoni, mahali pa tairi.

Mama wa hoteli alivua miwani. Aliangalia picha, akawaangalia wale wawili waliopiga magoti, akamwangalia Bibi mwenye kifurushi kichwani. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kuna watu.

"Sasa nyasi zimekwenda wapi?" aliuliza.

Shangazi alikunja mkono wa kulia wa blauzi yake. Aliukunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kupita kiwiko, mpaka begani, kovu lote likatoka juani mbele ya watu. Akachukua kitambaa mkononi mwa Mkubwa, akainama, akapangusa lile fungu la mwisho, na tairi likaonekana.

"Ziliungua," alisema. "Zamani."